Nina majina 61 mtandaoni, na mke wangu anangoja friza

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 31, nina mke na mtoto mmoja, tunaishi Likoni. Nafanya kazi kwenye saiba. Nawajazia watu fomu za serikali za eCitizen, nawatolea PIN ya kodi ya KRA, napiga chapa barua za wanaotafuta kazi. Si kazi ya kutajirisha, lakini hatulali njaa.

Mwaka jana nilisoma habari za watu wanaonunua majina ya tovuti na kuyauza kwa faida, yale yanayoishia .com au .co.ke. Wengine huyaita domeni, wengine vikoa. Nikasoma kwamba mwaka 2019 jina Voice.com liliuzwa dola milioni 30. Kwa neno moja tu, mshauri! Usiku ule sikulala. Nikajiunga na kundi moja la Telegram lenye mwalimu anayefundisha biashara hii, nikalipa ada shilingi 12,000. Mwalimu hutuambia kila siku kwamba domeni ni ploti ya mtandaoni, ukichelewa utakuta wenzako washaweka bikoni.

Ndani ya miezi mitatu nilikuwa na majina 61. Ya .com ni 24, niliyapata kwa shilingi 1,500 kila moja. Ya .co.ke ni 15, elfu moja moja. Mengine 22 ni ya .online, hayo yalikuwa kwenye ofa ya shilingi 200, nikayazoa kama mtu aliyekuta maembe yameanguka baada ya upepo. Pamoja na ada ya mwalimu nilitumia 67,400. Ilikuwa akiba yangu mwenyewe, na mke wangu alijua tu kwamba "nasomea kompyuta".

Hadi leo sijauza hata moja. Kuna programu ya kukadiria bei, nikiyapitisha majina yangu huko inaniambia yote pamoja yanafika dola 38,000. Kwa hiyo si kwamba sina mali, ila mali haijapata mnunuzi.

Sasa mwaka unatimia na ujumbe wa kuhuisha umeanza kuingia. Sikuwa nimesoma maandishi madogo. Jina la .com sasa ni 1,800. Yale ya .online niliyonunua kwa 200, kila moja linataka 3,900! Nimepiga hesabu, kuhuisha yote ni shilingi 144,000, zaidi ya mara mbili ya pesa niliyoanza nayo.

Hapa ndipo aibu inapoanza. Mke wangu huuza barafu, mabuyu na juisi ya ukwaju pale nje ya nyumba. Mwezi wa juzi ilifika zamu yake kwenye chama, akapokea 70,000, akanikabidhi nimtafutie friza kubwa kabla ya Ramadhani, maana mwezi ule ndio anaouza kuliko miezi mingine yote. Majina yangu kumi ya .com yalikuwa yanakaribia kuisha muda. Nikatoa 18,000 kwenye ile pesa nikayalipia, nikijua nitairudisha nikiuza moja tu. Imebaki 52,000. Kila akiniuliza friza iko wapi, namwambia iko kwenye kontena, haijatoka bandarini. Ananiamini kwa sababu sijawahi kumdanganya.

Majina yenyewe ni mchanganyiko. Kuna ya maneno ya kawaida, kama "ploti" ikiunganishwa na Diani, au "fundi" na Nyali. Kuna sita ya wanasiasa yakiwa na mwaka 2027. Kuna mawili ya benki moja kubwa, yaliyokosewa herufi moja makusudi, kwa sababu mwalimu alisema watu hukosea kuandika na mwenye benki atayataka.

Halafu kuna jina la 62, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Shule moja ya kibinafsi hapa Mombasa ilisahau kulipia jina lake la .com. Nililifuatilia kwa karibu siku 80, siku lilipoachiliwa nikalidaka kwa 1,500. Ni wiki tano sasa. Mwalimu kwenye kundi alinipongeza mbele ya wote, akaniambia niwaandikie shule niwaombe 350,000. Barua ninayo tayari, sijabonyeza kutuma.

Sijatuma kwa sababu mbili. Ya kwanza, mpwa wangu, mtoto wa dada, anasoma shule hiyo, na mwenye shule alimkubalia dada alipe karo kidogo kidogo shemeji alipopoteza kazi. Ya pili, niliweka barua pepe za jina hilo ziingie kwangu zote, na wazazi bado wanaandika anwani ya zamani. Wiki iliyopita iliingia ripoti ya daktari ya mtoto mwenye kifafa. Niliifunga haraka, lakini nilikuwa nimeshaisoma.

Na juzi nimepata mtu wa ng'ambo anataka kununua jina langu moja kwa dola 2,400! Anataka tu nipate kwanza cheti cha thamani kutoka tovuti aliyonitajia, dola 95, kisha atalipa siku hiyo hiyo. Nimefikiria kutumia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, au kuchomoa tena kwenye pesa ya friza.

Naomba uniambie. Je, nilipe cheti niuze, nirudishe pesa ya mke wangu na mambo yaishe kimya? Je, kuomba pesa shuleni ni dhambi, hali wao ndio waliotupa jina lao? Na je, hii ni biashara au mimi nimekuwa mlanguzi tu? Nikimwambia mke wangu ukweli, najua ataondoka.

Mwenye Majina Mengi, Likoni

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona majina, bei na dola. Mara ya pili nikaona mama anayekwenda kulala akiamini kwamba friza yake iko kwenye kontena. Nitajaribu kuyajibu yote mawili, lakini kuna jambo haliwezi kungoja, kwa hiyo nianze nalo.

Hizo dola 95 zishike kwanza. Mtu anayetaka kununua jina, na tayari ameshataja bei, anahitaji cheti cha nini? Bei ni yeye aliyeitaja. Huu ni utapeli wa zamani katika biashara hii. "Mnunuzi" na tovuti ya cheti huwa ni mtu mmoja, na ukishalipa hutamsikia tena. Unaweza kumpima bila kupoteza senti. Mwambie uko tayari kuuza kupitia mtu wa kati anayeshika pesa hadi jina lihamishwe, kama Escrow.com, au kupitia soko kama Sedo, na kwamba cheti akikitaka atakilipia mwenyewe. Mnunuzi wa kweli atauliza ada yake ni kiasi gani. Tapeli atakasirika, au atakupa sababu ndefu. Fanya hivyo leo kabla hujaigusa Fuliza, halafu jibu litakaloingia ulisome ukiwa umetulia.

Sasa tukae kwenye neno la mwalimu wako, kwamba domeni ni ploti. Neno hilo limekuuzia mengi. Ploti ya Diani ukiwa na hati yake, ukaenda zako miaka kumi, ukirudi utaikuta (wanyakuzi wakipenda). Jina la tovuti hulimiliki hivyo. Unalikodi. Kodi yake hulipwa kwa mwaka, na hata ukiwa na pesa za kumwaga huwezi kulilipia zaidi ya miaka kumi kwa mpigo. Anayekukodisha naye ana anayemdai. Kampuni ya Marekani ya Verisign, inayosimamia majina yote ya .com, ilipandisha bei yake mwezi Septemba 2024 hadi dola 10.26 kwa kila jina kwa mwaka, na pesa hiyo msajili wako, yaani kampuni iliyokuuzia majina, hawezi kuikwepa. Kwa hiyo ukiona jina linauzwa kwa bei ya andazi mwaka wa kwanza, ujue faida inakungoja mwaka wa pili. Wewe mwanangu una vibanda 61 vilivyofungwa, na unavilipia kodi vyote, ukimngojea mpangaji ambaye hajui kwamba kibanda kipo.

Sisemi kwamba biashara hii haipo. Ipo, na wako watu wanaokula kwayo. Ila tuitazame hiyo Voice.com iliyokunyima usingizi. Aliyeiuza ni MicroStrategy, kampuni ya programu za kompyuta iliyokuwa imekaa na jina hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Facebook nao walinunua fb.com kwa dola milioni 8.5. Waliouza ni shirikisho la wakulima la Marekani, American Farm Bureau Federation, na F na B zilikuwa herufi za jina lao wenyewe. Wauzaji hawa wawili hawakuwa wamekaa kumvizia mnunuzi. Walikuwa na mambo yao, mnunuzi akawafuata. Habari kama hizi hutangazwa kwa sababu ni chache, kama papa mkubwa akivuliwa Shimoni, ambapo atapigwa picha yeye na wala si changu waliojaza ndoo.

Nimewauliza wanaoifahamu kazi hii, na wazoefu husema kwamba kati ya majina mia moja, wakiuza moja au mawili kwa mwaka wanashukuru. Wewe una 61. Kwa kipimo hicho, mwaka ukiwa mzuri utauza moja. Jina hilo moja lazima lilipie kodi ya wenzake wote, yaani 144,000, na masoko yenyewe hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi. Ili usipate hasara na usipate faida, inabidi liuzwe karibu shilingi 170,000. Chukua karatasi uyaandike majina yako yote, na mbele ya kila moja uandike nani, hapa Pwani au popote, angetoa pesa hiyo, na kwa nini. Sitaki uandike "mtu". Andika ni biashara gani, iko mtaa gani, inauza nini.

Baba yangu alikuwa dalali wa nazi, Mtwapa. Hakuwahi kununua gunia kabla ya kujua ni nani atakayezikuna. Alikosa faida nyingi kwa tabia hiyo, mama akimlaumu kila siku, lakini sikumbuki nazi zikiotea kwetu uani.

Na ile programu ya dola 38,000? Umeniandikia kwamba mali unayo, ila haijapata mnunuzi. Mwanangu, soma tena sentensi hiyo polepole. Kitu ambacho kila mwaka kinakudai pesa na hakuna anayekitaka, tukiite mali?

Kuhusu kuhuisha, siwezi kukuchagulia, lakini naona njia kadhaa. Ukiyaacha yale 22 ya .online yajiishie, deni lililobaki, baada ya zile 18,000 ulizokwisha lipa, linashuka kutoka 126,000 hadi 40,200. Hatari yake ni kwamba moja linaweza kuja kutafutwa baadaye, nawe ukajuta. Ukibakiza machache tu, yale ambayo mbele yake umeweza kuandika mnunuzi anayetembea kwa miguu miwili, mzigo unakuwa mwepesi zaidi, ila biashara inakuwa ya subira ndefu. Ukilipia yote, itabidi utafute pesa mahali, na mahali penyewe sote wawili tunapajua. Kumbuka pia kwamba si lazima uamue yote siku moja. Kila jina lina tarehe yake, na mengi huruhusu kulipa siku chache baada ya muda kwisha. Muulize msajili wako ni siku ngapi na faini ni kiasi gani.

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja, nami naiona kutoka huku niliko. Unakaa kwenye kaunta ambako watu wanakuja kusajili majina ya biashara zao kwenye eCitizen. Wengi wao wanadhani wakishapata cheti cha biashara, jina la mtandaoni nalo limekuja. Halijaja. Jina la biashara, jina la tovuti, na alama ya biashara inayosajiliwa kwenye taasisi ya serikali ya KIPI ni vitu vitatu tofauti. Fundi anayetoka Nyali anaweza asikupe laki moja kwa jina, lakini akakulipa kidogo kila mwezi akilitumia jina lako la "fundi" na Nyali likiwa na ukurasa wenye picha za kazi zake na namba ya simu, huku akiwa na haki ya kulinunua baadaye. Si dola milioni 30. Lakini kibanda kitakuwa kimefunguliwa. Na hapo hapo kwenye kaunta kuna mtego, uutazame. Mteja akikutajia jina la biashara anayotaka kuanza, vidole vyako vitakuwasha umtangulie. Siku hiyo utakuwa umejibu mwenyewe lile swali lako la ulanguzi.

Yale mawili ya benki na yale sita ya wanasiasa nitayapita haraka. Jina la benki lenye herufi iliyokosewa ndilo chombo cha wezi wa nywila. Hata kama wewe humwibii mtu, anayekutazama kutoka nje hana njia ya kujua. Ya wanasiasa, jiulize kama ungependa kumweleza afisa wa upelelezi, mwaka wenyewe ukifika, kwa nini jina la mheshimiwa liko mikononi mwako.

Turudi shuleni.

Unasema walilitupa. Nimelipima neno hilo. Ni kweli walizembea, kwa sababu jina la .com haliondoki kwa mwenyewe siku moja. Msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45, kisha kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini, kisha siku 5 za mwisho, ndipo linaachiliwa. Walikuwa na karibu miezi mitatu. Lakini kutupa na kuangusha ni vitu viwili. Mtu akiangusha kitambulisho chake kwenye feri ya Likoni nawe ukakiokota, umekiokota kweli, hukuiba. Picha iliyo juu yake, hata hivyo, si yako. Wengi wetu tukirudisha kitambulisho tunapewa chai, na hakuna anayeona vibaya. Ukimwambia mwenyewe alete 350,000, hata wale waliokuwa wakikusifu kwa kuokota watanyamaza.

Sheria nayo inafikiri karibu hivyo hivyo. Kuna utaratibu wa kimataifa uitwao UDRP, uliopitishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani. Mlalamikaji anatakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara, kwamba aliyelishika hana haki wala sababu halali ya kuwa nalo, na kwamba lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Moja ya dalili za nia mbaya iliyoandikwa humo ni kulisajili jina ili umuuzie mwenye alama kwa bei inayozidi gharama ulizotumia. Gharama yako ni 1,500. Sasa fikiria ile barua ya 350,000 iliyo kwenye rasimu zako. Ukiituma, utakuwa umewaandikia ushahidi wao kwa mkono wako. Ni kweli kesi kama hiyo mbele ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki, humgharimu mlalamikaji kuanzia dola 1,500, na huenda mwalimu wako anategemea kwamba shule itaona ni nafuu kukulipa. Lakini Kenya tuna sheria yetu pia, ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni. Kifungu chake cha 28 kinamhusu anayechukua au kutumia jina la mwingine mtandaoni bila ruhusa wala haki. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Mimi si wakili na sisemi kwamba wewe una hatia. Kabla ya kutuma barua yoyote, mtafute wakili akuangalilie, hata kwa nusu saa.

Zile barua pepe za wazazi ndizo zilizonishtua zaidi, na nashukuru kwamba hata wewe zilikushtua. Zima leo kile kisanduku kinachopokea kila kitu. Zilizoingia usizisome, usizijibu, wala usimtumie mtu. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na habari za afya ya mtoto ni katika zile inazozilinda kwa ukali. Lakini hata bila sheria, kuna mama alimwandikia mwalimu kuhusu kifafa cha mwanawe, na mpaka sasa anadhani mwalimu anajua. Mwalimu hajui. Jambo hilo likae nawe unapopima siku ya kwenda.

Njia ulizonazo kuhusu shule ni hizi ninazoziona. Unaweza kwenda mwenyewe kwa mwenye shule, mguu kwa mguu, umweleze jina liko kwako, na kwamba utawarudishia kwa gharama uliyotumia. Hatari ni kwamba anaweza kukasirika na kukuuliza ulikuwa ukilivizia kwa nini, na dada yako akaingia katikati bila kosa lake. Pengine umwambie dada kwanza, asije akazisikia habari langoni. Unaweza kurudisha na kumwachia yeye suala la chai, ambayo inaweza kuja au isije. Au unaweza kujitolea kuwasimamia jina na barua pepe zao kwa malipo ya mwaka, kazi ambayo ni wazi hawana wa kuifanya. Ila hilo ulitamke baada ya jina kuwa mikononi mwao, ukilitamka kabla litasikika kama sharti. Na unaweza kukaa kimya ukingoja watakachofanya. Katika hizo zote, ya kukaa kimya ndiyo inayoniogopesha, kwa sababu kila siku inaongeza barua nyingine iliyopotea.

Ukiamua kurudisha, kuna jambo dogo la kiufundi. Kwa kuwa umelisajili wiki tano tu zilizopita, huwezi kulihamishia kwa msajili mwingine kabla ya siku 60 kutimia. Shule ikifungua akaunti kwa msajili huyo huyo unayemtumia, kwa kawaida linaweza kusogezwa kutoka akaunti yako hadi yao bila kungoja. Muulize msajili kabla ya kwenda, usije ukaahidi usichoweza.

Nimebakiza mke wako, na si kwa kuwa ni wa mwisho.

Umeandika, "najua ataondoka". Umejuaje? Je, amewahi kukutamkia kwamba kosa la pesa litavunja nyumba, au hofu yako ndiyo inayozungumza kwa sauti yake? Mwanamke aliyevumilia mwaka mzima wa "nasomea kompyuta" bila kudai cheti, huenda ana kifua kipana kuliko unavyodhani. Huenda pia hana. Simjui, wewe ndiye unayemjua. Ninachokiona ni kwamba ule uongo wa bandarini una kodi yake pia. Kila juma unaulipia, na kila juma bei inapanda.

Unaweza kuzijaza zile 18,000 kwanza kisha useme, au useme kwanza mjaze pamoja. Ya kwanza inalinda heshima yako, ila inategemea pesa ambayo huna, na akigundua katikati, kosa la pesa litakuwa kosa la miezi. Ya pili inauma sasa hivi. Kama utaichagua, ningependa uende na vitu mkononi: zile 52,000 zikiwa kamili, orodha ya majina yote na tarehe zake, na risiti za yale kumi. Usianze na Voice.com. Anza na friza. Huenda kwa 52,000 ikapatikana ndogo kidogo kuliko aliyoitaka, na Ramadhani ikamkuta na barafu. Kisha mpe ile karatasi ya majina na wanunuzi, umwachie kalamu. Mtu anayeuza mabuyu nje ya nyumba yake anajua vizuri kuliko mwalimu yeyote wa Telegram ni kitu gani mtu hununua na ni kipi hukitazama akapita.

Swali lako la mwisho, kama wewe ni mfanyabiashara au mlanguzi, nakurudishia wewe. Jina la "ploti" na Diani halijamnyima mtu kitu. Maneno hayo ni ya wote, nawe uliwahi. Jina la shule ni habari nyingine, na nadhani ulilijua hilo tangu siku ulipoacha kubonyeza kutuma.

Niandikie tena, mwanangu. Niambie yule mnunuzi wa dola 2,400 alijibu nini, niambie mwenye shule alikupokeaje kama utakwenda. Na friza ikishatoka bandarini, niambie ni ya lita ngapi.